Kitabu Kilichofika kwa Mama Mkwe

Mwenye duka la vitabu pale Kibwezi aliniuliza ninataka cha darasa la ngapi. Nikamwambia ninataka kitabu cha mtu aliyefiwa na mtoto. Akaacha kupanga kalamu zake, akanitazama usoni, kisha tumboni, maana mimba ilikuwa imeanza kuonekana, akauliza mtoto mwenyewe alikuwa wa umri gani. Nikasema alizaliwa akiwa ameshakufa.

“Ah,” akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Basi hapo hukufiwa, madam. Hiyo ni bahati mbaya tu.”

Nilishtuka hata nikasahau kukasirika, na mimi kukasirika sikawii. Akaanza kunitolea alivyokuwa navyo: cha kutajirika ukiwa kijana, cha kumtuliza bwana asitoke nje, cha maombi ya kuwamaliza maadui. Alipoona sijagusa hata kimoja, akaniletea cha ufugaji wa kuku. Alisema hicho pia humtuliza mtu. Hasira ndiyo ikanifikia hapo, nikatoka bila kuaga.

Mimi nauza dawa za mifugo katika agrovet iliyoko njiapanda ya kupandia Kilungu. Mkulima akija na habari ya mbuzi aliyeharibu mimba, ninajua la kumuuliza na ninajua dawa ya kumpa. Mbuzi wa Kilungu akitupa mimba hupewa maji ya vuguvugu na kufunikwa gunia, na mwenyewe atawasimulia watu sokoni mpaka wachoke. Mimi niliambiwa langu nisiliseme kabisa.

Yule mtoto alikuwa wangu wa kwanza, msichana. Nilionyeshwa uso wake mara moja tu hospitalini. Alikuwa na nywele nyingi, nyingi kuliko za mume wangu, na kidevu cha kwetu. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nikakuta mama mkwe na jirani mmoja wameshamzika upande wa chini wa shamba, haraka, bila mchungaji, bila wimbo, bila hata chai ya kunywesha watu. Wazee wetu wa Ukambani walisema mtoto ambaye hajafika siku ya kupewa jina bado hajawa mtu. Bado ni wa mizimu, na akirudi kwao hafanyiwi matanga. Sisi tumeokoka, tunaimba kwaya na kukemea mapepo, lakini hiyo ya wazee tumebaki nayo mfukoni, na hakuna anayeikemea.

Mama yangu mzazi alisafiri kutwa nzima kutoka Kanyangi, huko upande wa Kitui, akanikalia kitandani akaniambia, “Nyamaza. Ukimlilia sana atawafungia wengine njia.” Asubuhi yake akarudi kwa mbuzi wake. Mama mkwe naye alinifunga kifua kwa majani ya kabeji, maziwa yasinisumbue, akasema maneno mawili tu: “Jina litangoja.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonitesa. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya bwana. Halichaguliwi, halijadiliwi; unaolewa ukilijua. Na mama mkwe hakuzaa mwingine ila mume wangu, kwa hivyo wajina wake angetoka kwangu au asingetoka popote. Akifa bila wajina, jina lake linafutika juu ya ardhi, na hilo kwa mama wa rika lake si jambo la kufanyia mzaha.

Basi nilipopata mimba ya pili, mlima mzima wa Kilungu ulifurahi. Akina mama walinishika tumbo njiani wakilisalimu kwa lile jina, kana kwamba wameshajua ni msichana, “Habari yako, wewe?” huku wanacheka. Nami kila nilipolisikia niliona kama mtoto mmoja anavuliwa nguo ili avishwe mwingine. Jina lilikuwa la yule mwenye nywele nyingi. Sikutaka huyu mwingine alichukue, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nilijaribu kumwambia mume wangu. Nilipofika katikati ya sentensi ya kwanza akasimama akaenda kumwangalia ng’ombe, ambaye hakuwa na tatizo lolote. Mimi ndiye ninayewajua ng’ombe katika nyumba ile. Ndipo nikafikiria kitabu, kwa kuwa kitabu angalau hakitaniambia ninyamaze.

Siku ile ya Kibwezi nilikuwa na kazi nyingine pia. Mama mkwe ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu. Hukutana Alhamisi mchana uani kwetu, wanasuka viondo huku mmoja wao akisoma kwa sauti, kwa hivyo katika mwaka kiondo na kitabu vyote huisha. Walikuwa wamemaliza kitabu chao, wakanituma niwatafutie kingine, “kile cha kumjenga mama.” Kwa sababu ya hasira zangu nilirudi mikono mitupu. Nikawaambia watulie, nitawaagizia kwa simu. Kisha nikawasahau, kwa kweli, kwa sababu simu ile ile ilinipatia changu.

Haikuwa rahisi. Vingi nilivyoviona vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza nilicho nacho kinatosha kusomea maelezo ya dawa ya kupe. Cha kulilia sina. Mwishowe mama mmoja wa Nairobi niliyempata humo humo simuni, ambaye naye alizaa mtoto asiyelia, akaniambia ana kitabu chembamba cha Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Nilisoma ujumbe wake nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, nikashtuka kwamba kuna “sisi”. Akanitumia kwa gari. Nikapanga niende nikakipokee mwenyewe, asijue mtu.

Siku ya mzigo kufika, mzee mmoja aliingia dukani akipiga kelele kwamba ng’ombe wake amefura tumbo, anakaribia kupasuka. Nilipomaliza kumpa dawa na kumwelekeza namna ya kumnywesha, gari lilikuwa limeshapita. Na pale njiapanda mama mkwe ndiye huuza maparachichi. Makanga wa magari wote wanamjua. Mzigo wowote wenye jina la nyumba yetu huwekwa mapajani mwake, na mzigo ukishafika mapajani mwake ni wa nyumba, si wa mtu.

Jioni nilimkuta jikoni anabambua mbaazi.

“Ile kitabu imefika,” akasema. “Nimeifungua.”

“Ni nzuri, mwaitu?” nikauliza, kama mjinga.

“Ni ngumu. Lakini ni nzuri. Tutaisoma.”

Akaendelea na mbaazi zake. Kitabu alikuwa ameshakiweka ndani ya sanduku lake, pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo, na sanduku lile halifunguliwi na mkaza mwana. Tutaisoma, nani na nani? Nilidhani anamaanisha mimi na yeye, kwamba siku moja ataniita anikalishe chini na kunionya. Nikaingoja hiyo siku. Nilijiandalia majibu, mengine makali sana, nikawa nayarudia nikipima chumvi ya ng’ombe.

Hakuniita. Badala yake dunia ikaanza kugeuka kidogo kidogo. Mama mmoja tuliyekutana naye kisimani alinishika mkono akakaa nao, hakuuachilia. Mwingine alikuja dukani, hakununua chochote, akaniachia unga wa wimbi juu ya kaunta akaenda zake. Na yule ambaye hakuwahi kunipita bila kulishika tumbo langu na kulitaja lile jina, siku moja alinitazama machoni akauliza, “Na wewe? Wewe uko aje?” Nikajua mama mkwe amenitangaza. Nilichemka. Nilimaliza wiki nzima nikiwauzia watu dawa ya minyoo kwa sauti ya ugomvi.

Alhamisi moja nilipata kizunguzungu, mwenye agrovet akaniruhusu niende mapema. Nilipokaribia nyumbani nikasikia sauti ya kusoma nyuma ya jiko, nikasimama. Msomaji alikuwa akisoma habari ya maziwa. Jinsi yanavyokuja siku chache baada ya mazishi, hayana habari kwamba hakuna wa kuyanywa, na jinsi mama anavyolowa mbele za watu na kuona aibu, kana kwamba ameiba. Nilijua kitabu hicho ni kipi ingawa sikuwahi kukifungua.

Niliingia uani kama ng’ombe aliyekata kamba. “Nani amewapa kitabu changu?”

Akina mama walikuwa wameketi kwenye mikeka, nyuzi za katani mapajani. Mama mkwe alinitazama, mshangao wake ukiwa mkubwa kuliko wangu.

“Yako?” akasema. “Si sisi tulikutuma kitabu ya kikundi?”

Ndipo nikakumbuka kile nilichoahidi kuwaagizia, nikasahau.

“Tulishtuka sana, mwana wakwa,” akasema msomaji, mke wa mzee wa kanisa. “Tulisema, huyu msichana ametuletea gani hii? Wengine walitaka irudishwe. Halafu tukaona, pengine kuna kitu anataka kutuambia na mdomo umekataa. Tukasoma.”

Kumbe walikuwa wamesoma wiki baada ya wiki, mimi nikiwa kazini, wakiamini mimi ndiye niliyewachagulia. Majibu yangu yote makali yalinifia mdomoni.

Pale mkekani kulikuwa na mweka hazina wa kikundi, mama mkavu ambaye hata mchungaji humwogopa. Sikuwahi kumsikia akisema neno lolote lisilohusu kanisa au mvua. Bila kuinua macho kutoka kwenye kiondo chake akasema, “Yangu ilikuwa kijana. Alikuwa mbele ya hawa wote mnaojua. Hiyo ya maziwa ni kweli kabisa.”

“Mimi nilikuwa na mapacha,” akasema mwingine. “Watu wanajua mmoja.”

Mwingine alitaka kusema akashindwa, akainua tu mkono. Nilizungusha macho kwenye mikeka ile. Hakuna mkono uliokuwa ukisuka. Hawa ndio walionishika tumbo njiani wakicheka! Nimeishi nao, nimeimba nao, nimewauzia dawa ya kuku, na sikujua kitu. Mshtuko wa siku hiyo bado unanishika hadi leo nikiwaona wamejipanga kanisani na vilemba vyao.

Msomaji akasema wamefika mlango mgumu. Kitabu kinashauri mtoto kama huyo apewe jina, hata kama hakupumua, na hapo wamekwama tangu wiki iliyopita, ndiyo maana wamerudi nyuma kwenye habari ya maziwa.

“Haiwezekani,” akasema mweka hazina. “Wale wetu hatukuwapa. Na ya huyu, jina iko tayari, inangoja huyu ako tumboni. Hata kitabu ikisema aje.”

Wote wakanitazama. Jambo lenyewe lilikuwa pale mbele yangu, lile lililonipeleka Kibwezi, na nilishindwa kulisema. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameweka kiondo chake chini.

“Jina yangu imeshatumika,” akasema.

“Asi!” Mweka hazina aliacha kiondo kikaanguka. “Unajua unasema nini? Hauna mtoto mwingine. Ukiipeana hiyo, hakuna mtu ataitwa wewe!”

“Ako. Nilimwosha mimi mwenyewe. Nilimfunga na leso yangu, na nikimfunga nilimwita, kwa sababu sikujua nitamwita nini ingine. Sasa nitamnyang’anya aje?”

Nilikaa chini, si kwenye mkeka, kwenye vumbi. Mwanamke huyu nilikula naye chungu kimoja tangu mazishi yale, nikiamini kwamba alichozika ni bahati mbaya. Nililia kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Baada ya muda msomaji akaendelea kusoma pale alipoachia.

Mtoto alizaliwa wakati wa maembe, msichana, akipiga kelele kama anadai kitu. Siku ya kupewa jina, mama mkwe alimpakata, akaomba simu ya mume wangu, akaiweka kwenye spika, akampigia mama yangu Kanyangi. Kwetu msichana wa pili huitwa jina la mama ya mke.

“Wajina wako amefika,” akamwambia.

Mbuzi walisikika kwa mbali.

“Wangu aje?” mama akauliza. “Kwani huyu si wa kwanza?”

“Wa kwanza ni wangu,” akasema mama mkwe. “Huyu ni wa pili. Ni wako.”

Kisha tukamsikia mama yangu, aliyenikalia kitandani akaniambia ninyamaze, analia, na mama mkwe akaishika simu vile vile, akamwacha alie.