Keki Iliyomficha Mama

Jamani, kama mnataka kucheka chekeni mapema, hapa hapa mwanzoni, maana huko mbele siwaahidi kicheko. Aibu yangu si ya wizi wala ya kufumaniwa, ni aibu ya keki. Ndiyo, keki ya harusi, nyeupe, ya ghorofa tatu (na miaka hiyo hata nyumba za ghorofa hapa Kisumu zilikuwa za kutafuta), na harusi ilikuwa yangu mwenyewe, na aliyeaibika kuliko mimi ni mama yangu mzazi. Nimeisimulia mara nyingi kama kichekesho, watu wakashika mbavu, nami nikashika zangu, halafu nikifika nyumbani nalia peke yangu. Leo nitaisimulia yote.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na msichana wa mtaa wa Kaloleni aliyesoma mpaka darasa la nane kama mimi alijiona hana mwenzake chini ya jua. Mchumba wangu Zablon alikuwa karani huko bandarini, mtu mpole, mwenye maneno machache. Sasa mjini kulikuwa na duka la mikate la Mhindi mmoja, na dirishani mwake alikuwa ameweka keki ya maonyesho, ghorofa tatu, kila ghorofa imesimama juu ya vinguzo vyeupe, na yote imekaa juu ya stendi ya chuma iliyopakwa rangi ya fedha. Kila nikienda soko la Kibuye kununua mboga nilizunguka njia ndefu ili nipite pale niiangalie tu, nimeze mate, niende zangu. Zablon alinijua. Siku moja, bila hata kuniangalia, akasema, "Ile kitu yako ya dirisha nimeagiza. Na stendi yake watatupatia, tutarudisha Jumatatu." Wallahi siku hiyo ningeolewa hapo hapo barabarani, na mimi si Mwislamu.

Tatizo lilikuwa mama. Baba alikufa nikiwa mdogo, mama akanilea peke yake kule Asembo kwa jembe na kwa kuuza samaki mpaka nilipohamia mjini, na sikuwa na mzazi mwingine wa kukaa kwenye harusi yangu akaonekana. Lakini sisi Wajaluo, kama hamjui, mama na mwanaume aliyemwoa binti yake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawakai karibu, na kubwa kuliko yote, hawaonani wakila. Ni mwiko, ndio tunaita kwer, na ukivunjwa inakuja chira, ule ugonjwa wa kunyauka ambao haumtafuti aliyekosea peke yake, unashuka mpaka kwa watoto. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mpiga ngoma wa mstari wa mbele, lakini hilo la mkwe hakulifanyia mchezo.

Wiki ya harusi akaniambia taratibu, "Nyathina, mtoto wangu, nitakuja kanisani nikuone ukiapa. Halafu nyinyi mkienda kula kwa holi, mimi narudi nyumbani. Siwezi kutafuna mbele ya mkwe wangu."

Ningejibu, "Sawa, mama," leo msingekuwa mnanisikiliza. Badala yake ile akili yangu ya darasa la nane ikaamka. Nikamwambia, "Mama, keki ni ndefu. Ikipanda juu ya stendi, na stendi juu ya meza, inakupita ukiwa umekaa. Nitaiweka katikati. Sisi tuko upande huu, wewe uko upande ule. Zablon hataona hata ukucha wako."

Akauliza, "Ni ndefu namna gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

"Na iko na matundu?"

Nikakiri kwamba kati ya ghorofa na ghorofa kuna nafasi, pale penye vinguzo.

"Hayo matundu yazibwe."

Nikaahidi yatazibwa, naye akakubali, na mimi nikajisifu moyoni kwamba nimemshinda mama yangu kwa akili.

Siku ikafika. Kanisani kila kitu kilikwenda vizuri, mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tulipoingia holini nikaona msimamizi wangu Dorsila amefanya kazi niliyomtuma: keki imesimama katikati, meza imevalishwa kitambaa cheupe kinachofika sakafuni, na kila tundu kati ya vinguzo limeshindiliwa maua mpaka keki inaonekana kama kaburi la mzungu. Sisi maharusi tulikaa upande wa mbele tukiwatazama wageni, na ng'ambo ya keki, mstari wa kwanza wa wageni, alikaa mama yangu, na kwa kweli hakuonekana. Nilichoona ni ncha ya kitambaa chake cha kichwani tu. Nikafurahi mimi!

Sasa mpiga picha. Alikuwa anaitwa Ramadhani, Mwislamu wa mjini, kijana nadhifu mwenye Kiswahili chake kilichonyooka, na mambo yetu ya wakwe hakuyajua hata chembe. Akachungulia kwenye mashine yake, akatikisa kichwa. "Bibi harusi, keki yako iko gizani. Tuisogeze dirishani." Kabla sijafungua mdomo vijana wawili wamebeba meza na stendi na keki juu yake, wanakwenda nayo polepole kama wanaobeba mgonjwa. Na mama yangu? Mama akainuka, akainama, akashika kiti chake kwa nyuma, akaifuata keki. Ikienda hatua moja naye hatua moja. Ikitulia, naye anakaa.

Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Ramadhani akapiga picha yake moja, akasema sasa mwanga umezidi, irudi kidogo. Keki ikarudi. Mama na kiti chake wakarudi. Holi zima likaangua kicheko, na mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, wewe ndio askari wa keki?" Nami nikacheka. Nilicheka ndani ya shela yangu mpaka mabega yakatikisika (hilo ndilo nisilolisema ninapoisimulia kwa watu). Mama hakucheka. Alikuwa anafanya kazi yake, ya kuwalinda watoto wangu ambao hata mimba zao bado.

Ikaja kukata keki, na hapo ndipo nilipogundua kwamba yule mwenye akili hakufikiria jambo moja, kwamba keki huliwa. Tulipokata na kupigiwa makofi, ghorofa ya juu ikaondolewa, maana mwenye duka alisema hiyo huwekwa kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa kwanza. Kichwa cha mama kikatokeza. Mama akateleza kwenye kiti, akajikunja. Ghorofa ya pili ikaondolewa, ikapelekwa kwa wazazi wa Zablon. Mama akaacha kiti kabisa, akashuka sakafuni, akakaa nyuma ya kile kitambaa cha meza, na ili kisipeperuke akakikalia upindo wake. Sasa nikawa simwoni kabisa. Nikajua yuko salama.

Dorsila akapita na sahani akigawa vipande vidogo vidogo, akainama nyuma ya meza akampa mama. Mama alikuwa hajala tangu alfajiri, na keki alikuwa hajawahi kuonja maishani. Aliniambia baadaye Dorsila kwamba mama aliinusa kwanza, kisha akatia kipande chote mdomoni kwa mara moja ili kiishe haraka.

Na Ramadhani akasema, "Moja ya mwisho, jamani. Vuteni meza mbele kidogo, nipate maharusi na stendi."

Vijana wakavuta. Meza ikaja, kitambaa hakikuja, maana mama alikuwa amekikalia. Nikaona stendi inarudi nyuma yenyewe juu ya meza, polepole kwanza, na ile ghorofa kubwa ya chini bado iko juu yake, kisha haikuwa polepole tena. Zablon alikuwa amekwisha kuruka. Mnajua alivyo, mtu wa maneno machache ana mikono ya haraka. Akazunguka meza, hakuishika keki, hakuishika stendi, alimshika mama yangu mkono akamvuta pembeni. Chuma kikaanguka pale alipokuwa amekaa. Keki ikamwangukia nusu kichwani, nusu begani.

Mama akawa amesimama pale mbele ya watu wote, mkono wake ndani ya mkono wa mkwe wake, mdomo umejaa, mashavu yamefura, sukari nyeupe inamteremka usoni. Wakatazamana. Zablon akamwachia mkono kama aliyeungua, akageuka, akaangalia ukuta. Wazee wa kwetu wakainamisha vichwa. Wageni wa mjini ndio waliocheka, na sikuwalaumu, wao waliona mama mmoja aliyemwagikiwa keki tu.

Mama hakumeza. Alijifunika uso kwa leso yake, akatoka. Wakaniambia alitema nje ya mlango, akajipangusa, akashika njia kwa miguu, na waliomwona walimwona Otonglo, pale sokoni kando ya barabara, anasubiri gari la kwenda nyumbani na sukari bado iko kwenye kitambaa chake cha kichwani, na watoto wanamcheka.

Na mimi nilifanya nini? Nilikaa. Nilinyanyuka nusu, mwongozaji wa sherehe akanikonyeza, akanong'ona, "Bibi harusi haondoki kwa kiti, wageni watasema nini?" nami nikakaa, nikatengeneza shela, nikatabasamu, picha ikapigwa.

Tangu siku hiyo mama hakukanyaga nyumbani kwangu. Mimi nilikwenda kwake, ndiyo, kila nilipoweza, na alinipokea kwa furaha, lakini kuja kwangu hapana. Nilijifungua mara tatu, na mara zote nilioshwa na kupikiwa uji na majirani. Yeye alituma dagaa wa omena, samli, mikeka ya watoto, na ujumbe ule ule: "Mwambieni nampenda. Mwambieni siji." Mtoto wa kwanza alipopata surua, surua ya kawaida iliyompata kila mtoto wa mtaa ule, habari ikafika Asembo, na mama akawaambia watu, "Ni ile keki." Mtoto akapona, nikampeleka kwake akiwa mnono, anampiga piga mashavu kwa mikono yake. Mama alifurahi mpaka akatoa machozi. Nikamwambia, "Unaona, mama? Hakuna kitu." Akajibu, "Hakuna kwa sababu nimekaa mbali."

Zablon naye aliumia kwa njia yake. Alimtumia mama mbuzi kupitia wazee ili kuyasafisha, wazee wakasema yamesafishika, mama akasema ameshukuru, na bado hakuja. Mara moja tu Zablon aliniambia, akiwa anafunga viatu, "Mimi nilitaka tu asiumie." Akaenda kazini.

Miaka ikapita, mama akaugua moyo, akaletwa hospitali kubwa hapa mjini. Nyumba yetu ilikuwa karibu, ungeweza kutembea ukafika kabla uji haujapoa. Nikamsihi, "Ukipewa ruhusa, uje upumzike kwangu. Zablon atahamia kwa rafiki yake." Akasema, "Nimfukuze mwanaume kwake? Hapana, nyathina."

Alasiri moja nilipokuwa namlisha akaniuliza, "Nyumba yako mlango wake unaangalia wapi?"

"Unaangalia ziwani, mama."

"Ukiingia?"

Nikamwambia. Ukiingia kuna meza, kushoto jiko, kulia chumba cha watoto, wanalala watatu kitanda kimoja kwa sababu wamekataa kutenganishwa. Akauliza kama mvua inaingia. Nikasema upande mmoja tu. Akauliza moshi unatokea wapi, maji naweka wapi, kuku wanalala wapi. Nikamjibu yote, nikimlisha polepole.

"Na mgeni hukaa wapi?"

"Kiti kilicho karibu na dirisha."

"Basi nimekaa," akasema. Akafumba macho, akatulia, mikono juu ya mapaja, kama mgeni anayengoja chai.

Hakutoka hospitali.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mkuu. Mama alisema hapana yake vizuri, kwa upole, mara moja, nami badala ya kuiheshimu nikaitafutia dawa. Kwa hiyo nimeapa, na watoto wangu wanajua: mtu mzima akiniambia hatakuja kwenye sherehe yangu, simbembelezi wala simpangii pa kujificha, namfungia chakula chake, nampelekea. Ndivyo ningefanya. Ningemfungia mama kipande chake kwa karatasi safi, kesho yake nikaenda nacho Asembo, akala mlangoni kwake bila kuogopa mtu, nami nikakaa karibu naye nikamuuliza kama ni tamu.

Sikuwahi kumuuliza.