Nilimkataza Bibi Kwenda Kuomba Radhi

Kosa ni langu. Asinitafutie mtu udhuru, nimeshajitafutia wa kutosha na hakuna hata mmoja unaosimama.

Bibi yangu alizaliwa katika ukoo wa kisultani, Unguja. Ufalme ulipopinduliwa alikuwa mtoto wa miaka kumi. Yaya wake akamvusha mpaka Bagamoyo na kumwita mwanawe. Hapa akaolewa na babu yangu, mkwezi wa minazi. Siri hiyo tuliijua watu wa nyumbani tu.

Shoga yake alikuwa Bi Mwanahawa, jirani yetu. Miaka arobaini wakisuka ukili wa mikeka kwenye baraza moja! Bi Mwanahawa hakuficha lake: bibi yake mzaa mama alikuwa mjakazi, wa kununuliwa.

Mimi natembeza watalii, na mdomo wangu ndio jembe langu. Siku moja nikamchokoza bibi kwa utani wetu, simu inarekodi, mwenyewe hajui. "Mke wangu, hebu nipe mambo ya kwenu jumbani!"

Akacheka. "Mume gani wewe? Kwetu nilioshwa miguu na wajakazi! Wewe hata maji ya kunawa hujawahi kuniletea!"

Nikairusha video ile mtandaoni: Binti Mfalme wa Bagamoyo. Mjinga mimi!

Kesho yake Bi Mwanahawa, keshaonyeshwa video, akasimama mlangoni, viatu hakuvua. "Miaka yote hii ulikuwa ukiniona nani?"

"Wallahi nilikuwa namtania mtoto, dada yangu. Mambo hayo nilikuwa mdogo."

"Mdogo ulikuwa. Lakini kucheka umecheka jana."

Akaondoka. Bibi akaacha kukaa barazani. Magoti yalikuwa yamemchoka, akawa ananiomba: "Nipeleke kwa Mwanahawa nikamwombe radhi."

Nikakataa! Eti binti mfalme hawezi kwenda kujidhalilisha uchochoroni. Jumba lenyewe sijapata hata kuliona, kiburi chake nikakibeba mimi.

Baada ya miezi minne bibi akafariki. Msibani Bi Mwanahawa alilia kutushinda sisi wa damu. "Nilimngoja," akaniambia. "Kila asubuhi nikitandika mkeka, nasema leo atakuja. Kumbe hakunitaka tena."

Sikumwambia kuwa mimi ndiye niliyemzuia, na mpaka leo sijamwambia. Ndiyo maana hapa siweki jina langu, na la Bi Mwanahawa nimelibadilisha.

Kwao alifukuzwa na mapinduzi. Barazani kwetu nilimfukuza mimi, mjukuu wake!

Namwamkia Bi Mwanahawa kila siku, ananiitikia marahaba kwa upole, na upole ule unaniua. Jamani, mzee wako akikwambia nipeleke kwa fulani, mshike mkono umpeleke siku hiyo hiyo.