Kaseti ya Mume wa Daktari

Enzi zetu, mtoto wa Lushoto hakupita mlango wenye mtu mzima ndani bila kusalimu. Ukipita kimya, habari ilifika nyumbani kabla yako. "Heshima si utumwa," mama alisema, sikio lako likiwa tayari mkononi mwake. Wa rika langu mnaelewa. Bwana Janek ilibidi ajifunze ukubwani.

Alikuwa Mpolandi, mume wa daktari wa hospitali yetu. Mwanamume kumfuata mke kazini lilikuwa jambo la kuchekwa sokoni, naye hakujitetea. Mama alikuwa muuguzi, ndiye aliyetupa habari zake: alizaliwa wakati wa vita, akafundishwa piano na shangazi yake, akapiga jazi kumbini miaka mingi, kisha akawa mtunzi wa muziki wa filamu. Jazi tuliyoijua sisi ilikuwa ya magitaa, kwa hiyo tulimwonea huruma kwa kukosa gitaa. Muziki wa filamu tulidhani unatoka wenyewe, kama moshi jikoni.

Piano haikuwapo. Alipiga kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu, na wazee wa kanisa walimruhusu siku za kazi tu, maana vidole vyake vilikuwa na mbwembwe. Sisi tulisimama dirishani tukitafuna peasi mbichi.

Siku moja akapata ujumbe kutoka kwao. Mwongozaji wa filamu anataka muziki wake, na ukichelewa kazi atapewa mwingine. Mama alisema mtu yule hajaombwa kazi tangu apande milima hii, na ameanza kuamini kwamba kwao wamemsahau. Kulikuwa na Mpolandi mwenzake aliyekuwa anaondoka na ndege kutoka Dar es Salaam, hivyo kaseti ilipaswa kuteremka Mombo, chini ya milima, na basi la kesho yake asubuhi. Redio kaseti alikuwa nayo. Betri zilikuwa za mwisho, na miaka ile madukani hata sabuni ilikuwa hadithi.

Akaanza kurekodi kanisani mchana, tukitoka shule. Mlango ulikuwa wazi, tukamwona mtu mzima.

"Shikamoo!"

Akaacha kupiga. "Marahaba." Akarudisha kaseti nyuma, akaanza upya. Likaja kundi jingine. Mkewe alikuwa amemfundisha kwamba kutoitikia ni tusi, kwa hiyo aliwaitikia wote. Alipofunga mlango, tukamsalimu dirishani.

Betri zilikuwa zimechoka alipoingia bibi yangu na ufagio, maana siku hiyo zamu ya usafi ilikuwa yake. Safari hii Bwana Janek hakuacha kupiga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Daktari hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama yako huko kwenu? Mvua zimenyesha?"

"Zimenyesha, Bibi."

"Mungu ashukuriwe. Haya piga, wala sitakusumbua."

Akafagia mpaka wimbo ukaisha. Taa nyekundu ya redio ikazimika palepale. Bwana Janek aliitazama, kisha akaanza kucheka peke yake.

Kaseti ikasafiri na Bibi ndani. Miezi ikapita, mama akiogopa kuuliza. Hatimaye daktari aliingia wodini akicheka: mumewe amepewa kazi, na mwongozaji ameagiza sauti ya yule bibi na ufagio wake isiguswe. Jioni hiyo Bwana Janek alikuja kwetu kumshukuru Bibi, akala makande, akaomba tena. Sokoni hawakumcheka tena.

Baadaye walirudi kwao, na tulisikia kwamba alifariki. Filamu hatujaiona. Bibi naye alikufa akijua yumo ndani yake, na mimi hilo hunifurahisha hadi leo.

Juzi niliketi katika kanisa lile, mlango wazi, nikimsubiri mchungaji. Vijana walipita makundi kwa makundi, waya masikioni, macho kwenye simu, na wawili kati yao ni wajukuu zangu mwenyewe. Hakuna aliyegeuka. Niliumia, siwezi kuficha. Kulikuwa na kimya kizuri kabisa cha kurekodi. Mume wa daktari angemaliza wimbo wake mara moja tu, na betri zingebaki.