Mstari Mmoja Juu ya Neno Kichaa

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Migori, sista msimamizi wa wodi hakunifundisha sindano wala bandeji. Alinifundisha kukosea. "Ukikosea kwenye faili, piga mstari mmoja, andika yaliyo sawa, tia sahihi. Usifiche." Mimi binti wa Kegonga, nimetoka chuoni na kichwa kikubwa, nilicheka moyoni. Nilijiona sikosei.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa Homa Bay. Huko ndugu wawili wakamleta kaka yao Ouma, mshona nyavu, mikono imefungwa kamba. "Wiye rach," walisema, kichwa chake ni kibaya. Nikaandika: kichaa. Daktari wa zamu akawa tayari kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali sana na kwao.

Mkewe, Akinyi, alinishika mkono. "Sista, hapana andika hivyo. Huyu hana fujo, walimfunga sababu anapotea njia. Wiye wil." Yaani anasahau. Kijaluo si lugha ya kwetu, nilijifunzia sokoni, na "wiye rach" na "wiye wil" nilikuwa nikizichukulia kuwa kitu kimoja. Niliona aibu.

Nikamfungua kamba, nikamwomba Akinyi alete wavu uliochanika. Karatasi ya daktari ya kupima kumbukumbu ilimtaka mgonjwa achore saa, na Ouma hakuwahi kushika kalamu. Kwenye wavu ndiko alikokuwa bingwa. Akapitisha uzi, akaanza fundo, akakwama. Akaanza tena, vidole vizito. Mara ya nne machozi yalimlengalenga. "Sista, mikono yangu imeenda wapi?"

Nilimwita daktari ajionee. Akapima damu na maji ya uti wa mgongo. Homa ya uti wa mgongo haikuwepo. Virusi vya ukimwi vilikuwepo.

"Haviui seli za fahamu moja kwa moja," alinieleza. "Vinabebwa na chembe nyeupe za damu hadi ubongoni, vinaingia kwenye seli walinzi. Walinzi wakivurugika wanatoa sumu, na seli za fahamu zilizo jirani ndizo zinazoumia. Mtu anasahau, anakuwa mzito. Hiyo safari ya mbali tuifute, Sista."

Dawa za kuzuia virusi hatukuwa nazo, na mpaka leo inaniuma. Nilichoweza ni kumfundisha Akinyi: ratiba ileile kila siku, maagizo mafupi, moja baada ya jingine. Ndugu nao walikaa chini wakasikiliza. Ouma akarudi nyumbani, na miezi kadhaa baadaye akafia kwenye kitanda chake, mkewe kando yake. Akinyi alikuja mwenyewe kuniambia.

"Na ile kamba?" nilimuuliza.

"Imefunga mbuzi, Sista."

Sasa nimestaafu, na wauguzi vijana huniuliza najivunia nini. Wanatarajia niwatajie vyeo. Nawaambia kuna faili moja Homa Bay lenye neno "kichaa" lililopigwa mstari mmoja. Juu yake pameandikwa "anasahau", na kando ipo sahihi yangu.