Damu ya Wanaume wa Kwetu

Kwetu, upande wa Bugarama, nilipokuwa mtoto miaka ya sabini, mvulana akikojoa damu watu walifurahi. Ndiyo, walifurahi! Bibi yangu mzaa baba alisema msichana huvunja ungo kwa damu, na mvulana naye damu yake ni hiyo. Humfungulia njia ya kupata watoto. Baba mdogo Masanja alipoanza kukojoa damu, enzi zile anachunga ng'ombe na kushinda akiogelea lamboni, bibi alimchinjia kuku, akampa firigisi mbele ya wakubwa. Kisa hicho bibi alikisimulia kwa fahari kila mgeni alipokuja.

Baba mdogo akakua, akamwoa Kabula. Jamani, nilimpenda yule mama! Alikuwa na mkono mwepesi. Akinisuka nywele nilisinzia mapajani pake. Mvua zikaja, zikaenda, mtoto hakuna. Bibi akawa anamtazama tumbo kwanza, ndipo anaitikia shikamoo yake. Akamwita mfumu, mganga wetu wa Kisukuma, naye akapasua kifaranga, akakikagua ndani, akasema kizazi cha Kabula kimefungwa na mizimu ya kwao. Kabula akanyweshwa mizizi michungu mpaka akakonda. Baba mdogo hakupasuliwa kuku. Wa nini? Si alikuwa na damu yake?

Mchana mmoja tulikuwa tunapepeta mpunga, baba mdogo akatokea nyuma ya nyumba amekunja uso, kajishika kiuno.

"Bado inakuchoma?" Kabula akamuuliza.

"Ya kiume hiyo," akajibu, akijitahidi kucheka.

Mimi nikachanganyikiwa. "Bibi, kama damu inafungua njia, mbona mtoto haji?"

Bibi akanizaba kofi la mgongo. "Koma! Mtoto wa kike haulizi mambo ya wanaume."

Kabula akainamia ungo wake, akaendelea kupepeta. Sikujua anacheka au analia.

Baada ya mavuno akarudishwa kwao. Baba mdogo hakutaka. Alisema wazi kwamba anampenda mkewe, lakini nani angebishana na bibi? Akaletewa mke mwingine. Huyo naye hakuzaa, na wala hakukaa.

Nimeshakuwa mtu mzima, nikamkuta Kabula kule mjini Isaka, anawauzia chakula madereva wa malori. Watu walimwita Mama Kulwa. Kulwa mwenyewe na pacha wake Doto walikuwa pembeni wanaosha sahani. Nilimwamkia huku nimeduwaa.

Niliporudi nikamshika baba mdogo mkono, nikampeleka hospitali. Daktari akasema ni kichocho, cha miaka mingi. Minyoo yake hukaa kwenye kibofu, na wakati mwingine huingia hata kwenye viungo vya uzazi vya mwanamume, ikaharibu mbegu. "Huenda ndiyo sababu," alisema. "Kwa uhakika siwezi kukuambia." Akampa vidonge. Mkojo ulipotakata, baba mdogo akanijia mbio, macho yamemtoka.

"Mwanangu, damu imekata! Ndiyo nimekwisha?"

Nilishindwa nicheke au nilie. Nikamkalisha, nikamweleza tena alichosema daktari. Kisha nikamwambia kwamba nimemwona Kabula, ameolewa kwingine, ana mapacha.

"Kwa hiyo hakuwa na kosa?"

"Hakuwa nalo, baba."

"Na mimi?"

Alikuwa mtoto mgonjwa, nasi tukamshangilia. Bibi, Mungu amrehemu, alimpenda mwanawe kupita kiasi, na ndiye aliyemfukuzia mke aliyempenda. Nimkasirikie nani? Nikiwaza sana kichwa kinaniuma, naacha.

Siku ile baba mdogo aliniomba nimpeleke Isaka. Nikamuuliza anakwenda kumwambia nini mke wa mtu.

"Nimwambie tu kwamba haikuwa yeye."

"Hilo analijua siku nyingi, baba," nikamwambia. "Tuliokuwa hatujui ni sisi."