Bakuli za Njano za Kilolo

"Nani ameosha bakuli?" aliuliza Mtaalamu Kihwele, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikanyoosha mkono huku natabasamu. Nilijua napewa shukrani. Yule bwana akakaa chini kwenye majani mabichi, akashika kichwa kama aliyepigiwa simu ya msiba. Nyuma yangu Mwakalinga, mwenyekiti wetu, alikuwa anavaa soksi haraka haraka.

Ngoja nirudi nyuma, maana hapa Rujewa habari inayotembea ni ile anayoieneza Mwakalinga.

Tuliondoka kwa sababu ya funza. Mpunga wetu ulikuwa unatobolewa mashina, masuke yanatoka meupe, hayana kitu. Tukasikia yuko mtaalamu msituni Kilolo anayechunguza vinyigu vinavyoua funza, na kwamba atachagua kikundi kimoja aje akifundishe shambani. Kikundi chetu cha wakulima kikatutuma watatu: mimi, Mwakalinga, na katibu wetu, Mama Neema.

Alfajiri tukapanda basi. Mwakalinga alilala mdomo wazi kutoka Makambako mpaka Mafinga, bega langu likalowa. Iringa tukabadili gari. Njia ya Kilolo ilikuwa tope tupu, tukasukuma. Yaani mimi na Mama Neema tulisukuma, mwenyekiti alisimamia.

Jioni tukafika kambini. "Kamwene!" mtaalamu akatusalimu kwa Kihehe, akatupokea vizuri. Sisi tukishusha mizigo, yeye akamvuta Mwakalinga pembeni, wakaongea. Nilimwona Mwakalinga anatafuna ndizi na kuitikia, "Sawa, sawa."

Asubuhi tukaingia msituni. Jamani, nyigu! Sio hawa wa darini wanaotung'ata. Kwenye lenzi niliona mwingine mdogo kama chembe ya chumvi, mwingine wa kijani kama chupa ya soda, mwingine ana mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe.

"Anataga mayai ndani ya kiwavi," mtaalamu akasema. "Watoto wanamla kwa ndani, taratibu, angali hai."

"Kama wageni wa shemeji yangu," nikasema.

"Na kuna nyigu anayetaga ndani ya mtoto wa nyigu mwenzake. Wengi humu hata majina hawajapewa."

Mama Neema akaguna, "Mungu naye ana mambo."

Mchana tukaambiwa tutangulie kwenye chakula. Pembeni mwa njia ya jikoni zimepangwa bakuli za njano, safi, zina maji na povu kidogo la sabuni. Nikasema, hawa Wahehe wana adabu kweli, kila mgeni na bakuli lake! Kulikuwa na vijidudu vinaelea, nikaona ni mambo ya porini tu. Nikanawa mikono. Mama Neema akanawa uso. Mwakalinga, aliyekuwa na tope mpaka magotini, akatumbukiza miguu, bakuli hili, akahamia lile, mpaka zikaisha zote. Sasa mimi nililelewa, siwezi kumwachia mwenyeji maji machafu. Nikamwaga yote, nikasuuza, nikazifudikiza juani.

Kumbe ile ndiyo mitego yake, na vile vijidudu nilivyomwaga ndio nyigu aliokuwa anawachunguza. Nyigu wanapenda rangi ya njano, wakitua, sabuni inawazamisha.

"Si nilimwambia mwenyekiti wenu jana?" mtaalamu akalalamika. Mwakalinga akatazama juu ya miti kama anayetafuta nyani.

Tukarudi mikono mitupu. Mtaalamu amechagua kikundi kingine, na kwetu funza wanaendelea kula mpunga. Hapa nyumbani Mwakalinga ameshawaambia watu ni mimi niliyeharibu, sasa nikipita mashineni vijana wananiita Mzee Bakuli.

Nilichojifunza ni kwamba kuna mdudu anayekula mwenzake kwa ndani huku anamchekea, na sio wote wako msituni. Wewe Kihwele nawe, mtego gani unatandikwa njiani kuelekea kwenye ugali? Lakini wewe nakuachia. Ninayemtaka ni wewe, Mwakalinga. Kikao cha Jumapili usimame mbele ya kikundi, Mama Neema akiwepo, ujibu: ulipoambiwa habari za bakuli, kwa nini ulinyamaza, na ile miguu ilikuwa ya nani?