Kikopo Ambacho Theophil Hakupewa

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, ndiyo siku ya mwisho yenye alama ya vema katika kadi ya dawa ya Theophil. Kadi hiyo Viola anayo mpaka leo, na hilo limethibitika. Mengine yametokana na maelezo ya Viola mwenyewe na ya wanakwaya wawili, nami yaliyotokea mbele ya kwaya nimeyaandika pale tu yalipolingana. Theophil si jina la kweli. Viola aliomba libadilishwe kabla hata hajakubali kuketi nami kuzungumza.

Viola, ambaye watu wa Nakwa, mjini Babati, humwita Mama Kindness, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii tangu mwaka 2011. Huwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu nyumba kwa nyumba. Vikopo vya makohozi huvificha kikapuni chini ya mboga, ili anapobisha hodi majirani wadhani anauza mnafu. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mgonjwa aliyejulikana kupitia kwake.

Theophil alirudi kutoka machimboni mwaka 2022, akapanga chumba. Hakuwa na ndugu mjini Babati. Watu wake walikuwa wanakwaya wenzake ishirini na watatu, naye aliimba besi. Mwishoni mwa Januari alipogundulika kuwa na kifua kikuu, alikubali dawa kwa sharti moja.

"Mama Kindness, kwaya wasijue. Wakijua, naondoka."

"Nani atawaambia? Mimi?" Viola alimjibu. "Meza dawa, baba."

Lakini kwaya ilifanyia mazoezi katika stoo nyuma ya kanisa, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Wote walikuwa wamevuta hewa moja na mgonjwa kwa miezi. Viola alimwomba mara mbili awaambie wenzake. Mara mbili alikataa. Mwanzoni mwa Machi mwimbaji mwingine wa besi, Aniceti, akaanza kukohoa. Mkewe alikuwa na wiki mbili tu tangu ajifungue.

"Nilimfikiria yule mtoto mchanga," Viola anasema. "Nikaona siri ya mtu mmoja isiwazidi wote hawa."

Hakukusudia kumtaja mtu. Alipanga kuwapima wote, kana kwamba ni zoezi la kata nzima. Jioni ya Jumanne ile alianzia benchi la besi, kwa kuwa mwongozo unataka waliokaa karibu na mgonjwa watangulie.

"Besi tumekosa nini?" alitania Nikolaus, mkubwa wa benchi. "Anza na soprano, ndio wanaotupigia kelele."

"Soprano hatukohoi, baba, tunaimba!" Hilaria alimrudishia, watu wakacheka.

Viola akagawa. Nikolaus, Aniceti, kisha mkono wake ukamruka Theophil na kumfikia aliyefuata. Ni mazoea ya kazi: aliyekwisha kuanza dawa hapewi kikopo cha uchunguzi, na vikopo huwa vichache.

Kicheko kikakatika. Benchi zima lilishika vikopo, isipokuwa mtu mmoja.

"Na mwenzetu je?" Hilaria aliuliza.

"Yeye... tayari," Viola alisema.

Aniceti akajisogeza mbali naye kidogo kwenye benchi. Theophil aliweka chini kitabu cha nyimbo, akasema, "Shikamoo, Mama Kindness," ingawa walikuwa wamesalimiana asubuhi alipomeza dawa, kisha akatoka. Viola hakuitikia marahaba. Hilo ndilo analolirudia zaidi.

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi, akakuta chumba kitupu. Kadi ilikuwa imeachwa dirishani.

Vipimo vilionyesha kwamba Aniceti na mwenzake mmoja walikuwa wagonjwa. Walitibiwa, wakapona. Mtoto wa Aniceti alipewa dawa ya kinga na hakuugua. Zahanati walimpongeza Viola: watu watatu wamesalimika.

"Hesabu yao ni sahihi," anasema, akiikunjua kadi na kuikunja tena. "Ila wanaifanya bila yeye. Tena hapakuwa na haja ya kuchagua. Ningempa kikopo kimoja, hata kama hakina kazi, wangepona wote wanne."

Theophil alikuwa amemeza dawa za wiki saba kati ya miezi sita ya matibabu. Haijulikani alikwenda wapi, wala kama alimalizia dawa mahali pengine, wala kama yu hai.